Nilisema Sitaigusa

Jirani, nisogezee hicho kiti. Soda sitaki, sina pesa ya soda. Pesa ya soda imeisha kwenye mega za intaneti, na mega zimeishia wapi utasikia sasa hivi. Ila usicheke. Mke wangu amecheka ya kutosha mtaa mzima.

Unamkumbuka mpwa wangu, yule mrefu, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anakaa kwangu hapa Mangobo, Kisangani. Ameenda Kinshasa kusoma. Kabla ya kuondoka akaniachia telefone yake ya zamani. Kioo chake kimepasuka kama ramani ya mito, lakini inawaka. Akaniambia, "Noko, telefone ni yako sasa. WhatsApp tumia, Facebook tumia. Ila hii programu hapa, Pokémon HOME, usiiguse." Nikasema sitaigusa. Nikashika na sikio kabisa.

Miye mambo ya Pokémon niyajulie wapi? Utoto wangu mnyama wa kuchezea alikuwa mbawakawa. Unamkamata jioni, unamfunga uzi mguuni, anaruka anakuzunguka kichwani. Mwenzio naye ana wake. Mnabadilishana: nipe huyo mwenye pembe, nikupe wawili wadogo. Kesho asubuhi wote wamekufa, biashara imekwisha, hakuna kesi. Eti hata Mjapani aliyebuni mchezo huu, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukamata wadudu. Alipokua akaona waya unaounganisha Game Boy mbili, akawaza: mdudu anaweza kutembea ndani ya waya huu, kutoka kwangu mpaka kwako. Mwaka 1996 mchezo ukatoka kwao Japani, una viumbe 151. Leo wamepita 1000. Sisi huku tulikuwa na mdudu, tulikuwa na uzi, tulikuwa na kubadilishana. Hakuna aliyetuletea hata franga.

Bon. Dada yangu mwingine, yule wa Ubelgiji, alikuja likizo na kamashini ka mchezo, Nintendo Switch, kametumika lakini kazima. Akampa mtoto, huyu huyu mpwa, enzi anakaa kwangu. Ndani yake mtoto akafuga kamjusi kenye moto mkiani, kanaitwa Salamèche. Akakalea. Akakapiganisha. Delestaji ikija, umeme ukikatwa, anasubiri, umeme ukirudi saa nane ya usiku anaamka. Miezi na miezi. Kale kamjusi kakawa Dracaufeu, joka la mabawa linalotema moto. Mtoto alikuwa analiongelea mezani kama mtu anayeongelea ng'ombe wake. Nami, nikila lituma yangu, nikasema moyoni, angalau ng'ombe ana maziwa.

Sasa siku moja umeme umekatika, siku ya nne hiyo. Nikaona huruma. Mtoto hayupo, mashini imezimika. Nikaibeba nikaenda kuichomeka kwenye gurupu ya umeme ya jirani wa nyuma, ile inayokunywa mafuta ya Kadhafi, yale ya chupa za kando ya barabara. Gurupu ikakohoa. Ikanyamaza. Ikapiga mluzi. Mashini ikatoa kamoshi keupe, kembamba, kazuri tu, kama ka ubani kanisani. Ikawa basi.

Nilikaa mlangoni namsubiri mtoto nikiwa nimeshatengeneza sura ya msiba. Akafika. Nikamwambia. Akaangalia mashini, akaiweka chini, akaniangalia kwa huruma. Yeye ananihurumia miye! "Noko, mashini imekufa, lakini wao wazima. Hawako humu ndani. Wako kwenye wingu."

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Kuna ghala moja kubwa, lilifunguliwa mwezi wa pili mwaka 2020, ndiyo hiyo HOME. Unamtoa kiumbe kwenye mchezo, unamtuma kule, anakaa kwenye kompyuta za mbali za wenyewe. Mashini iungue, telefone iibwe, nyumba iingiwe na maji, yeye anakungoja. Unafungua kwa akaunti yako kwenye telefone yoyote, unamkuta palepale amesimama. Bila kulipa una nafasi 30. Ukilipa unapata nafasi 6000. Nikauliza kulipa ni bei gani. Dola 15 na senti 99 kwa mwaka. Nikasema hiyo tutajaribu, dola hazikosekani. Akacheka. Wanataka kadi ya benki. Kadi ya benki, mimi! Jirani, wewe mwenyewe unajua hapa kwetu dola ikiwa na kajeraha kadogo pembeni, kadogo kama jino la panya, mama wa sokoni anakurudishia. Noti ya dola moja hawaigusi hata ikiwa mpya. Na sasa nitoe dola ambayo haina hata karatasi, na senti 99 juu yake. Tukabaki na nafasi zetu 30.

Nazo zilikuwa zimejaa kabla mashini haijaungua. Siku zilipojaa, mtoto yuko ndani, anapiga kelele, "Wingu limejaa! Wingu limejaa!" Mama mkwe wangu yuko uani, ameanika mihogo. Kusikia hivyo akaruka, akakusanya mihogo yote, akaingiza ndani, na ile ya jirani pia akaisaidia. Jua lilikuwa linawaka mpaka mabati yanalia. Mihogo ikashinda chumbani kwangu siku mbili, ikanuka, na aliyelaumiwa ni nani? Ni miye.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kukaa mbali na programu ile. Mtoto alipoondoka, niliweza majuma matatu. Kisha ikaja ile mvua ya juma lililopita. Umeme hakuna, watoto wamelala, mke ameninunia kwa jambo la kwake. Telefone ina chaji asilimia 41. Nikasema nitaangalia tu. Kuangalia si kugusa.

Wapo! Wamejipanga safu, kila mmoja na kisanduku chake. Pikachu yupo. Roucool yupo, yule njiwa. Dracaufeu katikati, mabawa wazi. Nikasonga mbele kidogo. Kumbe kuna soko ndani. Watu wa dunia nzima wameweka wanyama wao: natoa huyu, nataka yule. Mmoja anatoa Rattata. Panya, jirani. Panya wa kawaida, hata watu hawampigii kelele. Halafu anataka Mewtwo, yule ambaye kwenye mchezo ule wa kwanza yuko mmoja tu! Nikakasirika peke yangu gizani. Nikasema huu ni wizi wa mchana, mtu hana aibu, kwao hakuna wazee. Kumbuka maneno hayo, tutayarudia.

Nikasonga tena. Nikaona mlango mwingine umeandikwa Boîte Miracle. Sanduku la Muujiza.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mke wangu anaponiita mjinga, na miye nasema mtu yeyote wa Kisangani angefanya vilevile. Jumapili ya juma lile lile mchungaji alikuwa amehubiri saa tatu juu ya mbegu. Kila mtu apande mbegu. Asiyepanda havuni. Mbegu nyembamba, muujiza mwembamba. Miye siku hiyo nilikuwa na franga mia mbili mfukoni, nilipanda na aibu. Na sasa sanduku la muujiza liko mbele yangu, mkononi, bure, nafasi tatu wazi. Niweke nani? Niweke njiwa? Nikamweka Dracaufeu. Nikafumba macho. Nilifikiri atarudi wawili.

Programu ikaanza kuzunguka kile kiduara chake. Kisha mega zikaisha.

Asubuhi nimeamka mapema kuliko jogoo, nimekwenda ligablo, kale kaduka ka mtaani, nimenunua mega kwa ile pesa ya soda. Nafungua. Lile sanduku, kumbe, halihitaji hata uwe macho. Unaacha wako, linampeleka kwa mtu usiyemjua, popote alipo, nalo linakuletea wa mtu mwingine. Telefone imezimwa, wewe umelala, wao wanabadilishana. Dracaufeu amekwenda. Mahali pake amekaa samaki.

Samaki mmoja. Mdomo wazi, macho ya kushangaa. Jina lake Magicarpe, na jina la mwenyewe wa kwanza limeandikwa Kijapani. Nikasoma habari zake. Shambulio analolijua ni kurukaruka, na kule kurukaruka hakumdhuru mtu. Hodari wa kufa tu. Eti akivumiliwa mpaka kufika ngazi ya 20 anageuka Léviator, nyoka mkubwa wa maji anayebomoa miji, lakini nani wa kuvumilia, na kwa mashini gani? Tena rangi yake ilinitia wasiwasi. Ni wa njano. Njano ya ugonjwa, kama mtu mwenye maini mabaya. Na pembeni pameandikwa vinyotanyota, nikajua ni kioo, kioo kile kimepasuka kila mahali.

Ndiyo nikamwita shemeji yangu. Shemeji ni Mwagenia, amezaliwa kwenye maporomoko, babu zake wote wametundika mitego ya vikapu kwenye zile nguzo. Ukitaka kujua samaki, unamuuliza nani mwingine? Akaichukua telefone. Akaisogeza mbali. Akaileta karibu. Akainusa.

Aliinusa, jirani. Na miye nikasimama pembeni nangoja jibu.

"Huyu amekaa juani," akasema. "Samaki wa rangi hii hata mbwa hapewi. Tupa, asije akaharibu wengine."

Nikaona ni kweli. Wako 29 wengine mle ndani, nafasi zenyewe zimebanana, samaki ameoza katikati yao. Nikamrudisha kwenye Sanduku la Muujiza, upesi, kabla mtu hajajua. Safari hii mega zilitosha, nikabaki naangalia. Haikuchukua muda mrefu. Akaja Chenipan.

Unamjua Chenipan? Ni mbinzo. Mbinzo wa kijani, wale wale wanaouzwa sokoni kwa vikombe, ila huyu ana macho makubwa na huwezi kumkaanga. Mke wangu akaangalia juu ya bega langu. "Uliweka joka," akasema, "likawa samaki, likawa mbinzo. Ukiendelea hivyo jioni utatuletea jani." Akaenda zake. Nilimsikia akicheka mpaka jikoni.

Jumatano mtoto akapiga simu. Amefungua akaunti yake kwenye telefone ya rafiki kule Kinshasa. Hakunisalimia. Mtoto niliyemlea.

"Noko. Dracaufeu yuko wapi?"

Nikamwambia habari ya mvua. Nikamwambia habari ya mbegu. Akanyamaza, nikasikia magari ya Kinshasa yanapita. Sasa nikataka kumtuliza, nimwonyeshe kwamba hakupata hasara kubwa vile. Nikasema, "Lakini usijali, yule aliyekuja alikuwa samaki mbovu, wa njano, nikamtupa haraka asiambukize wenzake."

"Wa njano."

"Njano kabisa."

"Noko, Magicarpe ni mwekundu."

"Ndiyo maana nikasema huyu ni mgonjwa!"

"Pembeni hapakuwa na alama ya nyota?"

Nikaangalia kioo cha telefone. Mipasuko iko palepale ilipokuwa. Nyota hazipo.

Akanieleza tena polepole, ila safari hii sauti ilikuwa inatetemeka. Kuna viumbe vya rangi ya pekee. Kwenye michezo ya miaka hii, ukikutana na mnyama porini, nafasi yake ya kuwa wa rangi hiyo ni moja katika 4096. Watu wanakaa usiku miezi mizima wanamtafuta mmoja. Magicarpe wa namna hiyo ni wa dhahabu, na akikua Léviator wake anakuwa mwekundu. Kwa yule wa dhahabu, akasema, Dracaufeu angemtoa mwenyewe kwa mikono miwili, na shukrani juu. Kumbe mchungaji hakusema uongo! Muujiza ulikuja kweli, ukafika mpaka Mangobo, na shemeji akaunusa.

Tangu siku ile silali. Nimejifunza lile soko. Naweka mmoja, naomba Magicarpe. Kwa kuwa hatulipi, wanaturuhusu tangazo moja tu kwa wakati mmoja. Unachagua jina la mnyama, ngazi yake, dume au jike, lakini rangi ya pekee huwezi kuiomba. Hivyo natupa tu ndoana. Nimetoa Chenipan, nimepata Magicarpe mwekundu. Nimetoa Roucool, mwekundu. Nimetoa Rattata mmoja, mwekundu tena, wa chini kabisa. Na jana, sikufichi, nimeandika tangazo: natoa mdudu mmoja aliyebaki pale, nataka Dracaufeu. Miye yule yule. Nasikia kuna mtu mahali fulani duniani amekaa gizani anauliza kama kwetu hakuna wazee.

Mtoto anakuja likizo. Ndege hana pesa yake, anapanda balenie, kutoka Kinshasa mpaka bandari yetu ni kilomita zaidi ya 1700 za mto, juu ya mizigo, chini ya turubai. Watu wote nyumbani wanaomba afike salama na upesi. Miye naomba afike salama. Michanga ya mtoni iko mingi, bato hukwama siku tatu, nne, hakuna anayeumia.

Wewe jirani una watu Ulaya, una kijana wa kaka yako Japani au Korea, nimesahau. Waulize. Aliyepata Magicarpe wa njano kutoka kwa mtu wa Kisangani juma lililopita, mwambieni hajaoza, asimtupe, mwenyewe anamtafuta. Nitatoa Magicarpe watatu wazima, wekundu, na kuku mmoja juu yake. Kuku ni wa kweli.