Jinsi ya Kupitisha Waya Darini Bila Kuwaudhi Panya

Anza na fundi. Wenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, waepuke, maana maswali yao hayaishi: jiko utatumia la gesi au la umeme? Hita za maji ngapi? Kuna pampu? Wewe tafuta yule anayechungulia darini mara moja, akasema "hii ndogo tu, bosi," kisha akaomba nauli. Geti lako si ndiye aliyelipaka rangi mwezi jana? Basi mnajuana.

Waya nunua wa 1.5 nyumba nzima. Utasikia watu wakisema huo ni wa taa, soketi zinataka 2.5, na jiko au hita ipewe laini yake ya 4 au 6. Hao hawajaona bei. Ukibahatika utapata ule wa bei poa kabisa, ambao ukikwangua shaba yake kwa wembe, wekundu unatoka na chini yake unakuta alumini. Usikwangue.

Konduiti za nini? Laza waya wazi juu ya silingi, karibu na bati kadiri uwezavyo. Plastiki ya waya wa kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70, na saa nane mchana bati litakusaidia kuisogeza huko kabla hata hujawasha pasi. Panya nao, ambao meno yao hayaachi kuota, watapata cha kutafuna bila kuhangaika na bomba.

Sasa viungo, na hapa usiwe na haraka, ndipo utamu ulipo. Menya waya kwa meno, sokota, zungushia tepu nyeusi, laza kwenye mbao ya kenchi. Konekta na visanduku vya kuungia waachie waoga. Joto la bati litalainisha gundi, tepu itaanza kujikunjua yenyewe, na siku moja shaba itabaki uchi juu ya mbao kavu yenye vumbi na utando wa buibui. Kiungo kikilegea kitachemka taratibu. Saketi breka haitasema kitu. Yenyewe inapima umeme unaopita, mbao inayobadilika rangi haiioni.

Ila kuna breka korofi, zinazokatika kila pasi na jiko vikiwashwa pamoja. Dawa yake ni kutoa ya 16 na kuweka ya 32. Waya ni ule ule, na kuanzia hapo kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, huko huko darini, juu ya kitanda cha watoto.

Waya ule wa kijani na njano kata, tupa. Hauwashi taa hata moja. Kazi yake ni kupeleka umeme ardhini siku bodi ya friji ikiingiwa na umeme, na hiyo kazi anaweza kuifanya yeyote atakayeigusa akiwa peku.

Mwisho funga jipsamu upesi, piga rangi, ita wageni.

Kama mwongozo huu haujakuridhisha, mzuie fundi asifunge jipsamu mpaka upande mwenyewe na tochi. Piga picha kila kiungo na kila njia ya waya, uzihifadhi. Kanyaga kenchi, usikanyage silingi. Na kabla hujaweka mguu kwenye ngazi, zima meni swichi.