Mtungi wa Kwenda Argentina

Mjomba ana maduka ya gesi ya kupikia hapa Dar es Salaam, na alichonitaka nimfanyie kilikuwa kidogo tu: mteja akiagiza mtungi kwa simu, kompyuta iangalie yuko wapi, imtafutie duka letu lililo karibu naye, bodaboda iondoke. "Si mnasema kompyuta inajua kila kitu?" Nikamwambia haijui kitu, inajua namba. Akasema basi tuipe namba.

Kila duka likatakiwa kuwa na latitudo na longitudo yake kwenye kanzidata. Kazi ya kujaza akapewa kijana wa kaunta kwa sababu, kwa maneno ya mjomba, ana mwandiko mzuri.

Sasa, Dar es Salaam iko kwenye latitudo -6.8 na longitudo 39.28 hivi. Ile alama ya kutoa mbele ya 6 ndiyo inayotuweka kusini mwa ikweta. Duka la Tegeta liliingizwa bila hiyo alama, likahamia Ethiopia, kwenye baridi ya milima ya Bale. La Mbagala namba zake ziligeuzwa, ya kwanza ikakaa nyuma, na duka zima likatua magharibi mwa Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Simlaumu sana kijana. Wataalamu wenyewe hawajapatana: ramani za kwenye simu hutanguliza latitudo, ilhali PostGIS, ile nyongeza ya ramani ya kanzidata ya PostgreSQL, inataka longitudo mbele.

Balaa lilikuwa Temeke. Kijana hakuzijua namba zake, akaacha wazi, na programu ikajaza sifuri mbili. Sifuri na sifuri nayo ni mahali: ni baharini, Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Wateja waliokataa simu zao zionyeshe walipo nao wakapewa sifuri hizo hizo. Kompyuta ikapima kutoka kwa mteja aliye baharini hadi duka lililo baharini, ikapata kilomita 0.0, ikaridhika. Asubuhi moja Temeke wakaamkia oda za Bunju, Chanika na Mbezi, zote zimeandikwa "karibu sana". Msimamizi wa pale akampigia mjomba kuuliza kama maduka mengine yamefungwa na yeye hakuambiwa.

Tukabadili: mteja aandike anwani, na huduma ya ramani iigeuze kuwa namba. Huduma ile haina haya. Ukiiuliza isichokijua hainyamazi wala haikuulizi ulikuwa na maana gani, inajibu tu. Mama mmoja wa Manzese aliandika kama anavyomwelekeza mgeni yeyote: "Argentina, ukishuka kituoni vuka barabara, geti la bluu." Mtungi wake wa kilo 15 ukapangiwa Amerika ya Kusini. Aliyeandika Morocco, pale Kinondoni, akapelekwa Afrika Kaskazini. Wa kituo cha Kagera akawekwa kando ya Ziwa Victoria, na wa Kimara Korogwe akajikuta Tanga. Vituo vyote hivyo anavijua kila apandaye mabasi ya mwendokasi.

"Kompyuta yako imempeleka yule mama Argentina," mjomba alilalamika.

"Mama mwenyewe kasema yuko Argentina, mjomba."

"Sasa yuko wapi?"

"Argentina."

Najua tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba zina namba na mitaa ina vibao, na ni kazi ya maana. Ila mwulize mtu namba ya nyumba yake uone atakavyotoka nje kwenda kuiangalia.

Dawa ilikuwa kuizungushia Dar es Salaam mipaka ndani ya programu: jibu lolote la nje ya mipaka litupwe, litafutwe la ndani. Mipaka hufaa hata kwenye kupima. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo kilomita 5 ni digrii 0.045, kanzidata inayaondoa kwanza maduka yaliyo nje ya kiboksi cha kipimo hicho kumzunguka mteja, kisha machache yaliyobaki yanapimwa kwa fomula ya haversine, ya mabaharia wa zamani, ambayo R. W. Sinnott aliipigia debe kwenye jarida la Sky & Telescope mwaka 1984.

"Hesabu ya manahodha, kupeleka gesi Sinza?" mjomba akaguna. Na hakukosea sana. Huku karibu na ikweta hata Pythagoras wa darasani anatosha. Kosa lake halifiki asilimia moja. Mwenzangu wa Stockholm hana bahati hiyo, kwao digrii ya longitudo imesinyaa hadi karibu nusu.

Lakini fomula zote hizo hupima mstari ulionyooka, na kwa rula Kariakoo na Kigamboni ni majirani, kwa hiyo wateja wa Kigamboni walipangiwa Kariakoo. Dereva wetu akapiga simu kutoka Feri, foleni ya pantoni imemfika shingoni: "Bosi, hizi mita chache zilizobaki nipige mbizi na mtungi?" Nikaandika amri kwa mkono kwamba Kigamboni ihudumiwe na Temeke, kupitia Daraja la Nyerere. Haina fomula wala jarida la kuisifia, na haijawahi kukosea.

Halafu akaja mteja aliyelipa kabisa kabla, akaandika: "Korogwe, Manundu, karibu na stendi." Programu, ambayo sasa ilishafundwa isitoke nje ya Dar, ikamweka Kimara bila kusita. Dereva akazunguka Kimara Korogwe nzima akiulizia Manundu, mpaka muuza chipsi akamwelekeza kwa upole: ashike Barabara ya Morogoro hadi Chalinze, hapo akunje kulia. Akampigia mteja kumwuliza kama kweli yuko Tanga.

"Ndiyo," akajibiwa. "Lakini mmeniandikia kwamba duka lenu liko kilomita 5 tu kutoka hapa. Na mimi nikashangaa, ndiyo maana nikalipa haraka."