Kitabu cha Mauti Ndani ya Friza

Baridi ilipopasua bomba la ghorofa ya juu, mume wangu, Baba Salma, hakukimbilia pasipoti zetu. Alikumbatia vitabu vya Emily Vermeule, mtaalamu wa Ugiriki ya kale, akasimama katikati ya sebule amelowa chapachapa. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kututembelea, akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Tunaishi karibu na Boston, na kwa mume wangu hiyo ni sababu tosha ya kumpenda mwandishi huyo. Vermeule alifundisha Harvard, na mumewe, Cornelius, alisimamia sanaa za kale katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston. Vermeule mwenyewe alichimbua magofu Kupro, mashairi yake yakachapishwa katika jarida la The New Yorker, na juu ya hayo alikuwa shabiki wa besiboli. Nikiongezewa neno moja kuhusu habari zake, nitaweza kumwandikia tanzia mwenyewe.

Kitabu chake cha 1964, kinachohusu Ugiriki ya Zama za Shaba, kililowa pembeni tu. Kilichokunywa hasa ni kile cha 1979, kuhusu mauti katika sanaa na ushairi wa Wagiriki wa mwanzo. Baba Salma akasema si ajabu: wafu wa Kigiriki ni watu wenye kiu, ndiyo maana jamaa zao waliwamiminia maziwa, asali, mvinyo na maji. Nikamjibu kwamba zulia langu si kaburi.

Kitabu kilicholowa, akanieleza, hakichelewi kuota ukungu, na kurasa zenye mng'aro zikikaukiana hazibanduki tena. Dawa ni kukigandisha upesi. Basi changu wangu akatolewa, mbaazi zikatolewa, kitabu cha mauti kikaingia friza ndani ya mfuko wa plastiki.

Hakuna aliyemwambia mama. Alfajiri akaamka kutuandalia samaki wa nazi, akachukua mfuko mzito, mgumu, akidhani ni samaki, akautumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Sauti ya Baba Salma alipoingia jikoni ilimwamsha hata jirani.

"Mwanangu," mama akasema, "mwenye kuweka kitabu penye samaki asinipigie kelele."

Alikaa naye mbele ya feni hata hivyo, wakipachika karatasi ya nta kati ya kurasa. Hapo ndipo alipokutana, katika picha za kitabu, na wanawake wenye miili ya ndege. Baba Salma akaeleza kuwa ni siren, na kwamba Wagiriki waliwachonga juu ya makaburi waomboleze.

"Wanalia msibani? Wanalipwa?"

Akaambiwa pia kuwa katika tenzi za Homer wafu hawana akili mpaka wanywe damu ya kondoo, na kwamba Vermeule aliuandikia upumbavu huo sura nzima, kwa mzaha wa mtu anayewapenda. Mama hakufurahi. "Marehemu baba yako, huko aliko, ana akili kuliko nyinyi wote humu." Kisha akafunua ukurasa mwingine, taratibu kuliko mwanawe.

Kitabu kimekauka, lakini kimevimba na hakifungi. Mama ameweka gunia la mchele juu yake ili kinyooke, na sasa nikitaka kupika inabidi nimwombe Baba Salma ruhusa.