Shangazi Mnyororo Anajibu

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa waendesha baiskeli za umeme za mlimani, zile zenye matairi manene na mota tumboni. Shangazi amezisoma zote, nyingine kwa huruma, nyingine kwa kicheko cha chinichini. Majina yenu nimeyaficha. Aibu zenu nimeziacha zilivyo.

*Shikamoo Shangazi. Kila Jumamosi tunapanda vilima vya Ngong, na mimi ndiye wa kwanza kufika kwenye mitambo ya upepo huku wenzangu wakisukuma. Nina rekodi ya mpando ule kwenye Strava. Juzi mmoja kaandika kwenye kundi neno moja tu: "Mwizi." Je, mota ni wizi?*
*Mfalme wa Ngong, Rongai*

Marahaba mwanangu. Mota si wizi. Kama baiskeli yako imeundwa kwa sheria za Ulaya, mota yake ina nguvu ya kudumu isiyozidi wati 250, inasaidia pale tu unapokanyaga, na ukifika kilomita 25 kwa saa inakuachia mzigo wako. Kwenye mpando wa Ngong hutafika mwendo huo, kwa hiyo unasaidiwa njia nzima, na jasho bado linakutoka. Tangu 2019 chama cha baiskeli duniani, UCI, kina ubingwa wa dunia wa baiskeli hizi. Ule wa kwanza ulifanyika Mont-Sainte-Anne, Kanada, na fulana ya bingwa kwa wanaume ilivaliwa na Mwafrika mwenzetu, Alan Hatherly wa Afrika Kusini. Huyohuyo mwaka 2024 akachukua shaba ya Olimpiki mjini Paris kwa baiskeli isiyo na mota yoyote. Kwa hiyo anayesema mota ni ya wavivu, mpe jina hilo alitafute.

Ila swali lako umeliuliza kwa ujanja. Hukuniambia rekodi umeiandika wapi. Strava ina sehemu yake ya safari za baiskeli za umeme, nawe nadhani umejiandika upande wa wanaokanyaga kwa nguvu za ugali. Mwaka 2016 kule Zolder, Ubelgiji, baiskeli ya akiba ya mwanamichezo mmoja ilikutwa na mota iliyofichwa ndani ya fremu kwenye mashindano ya dunia. Alifungiwa miaka 6. Mota ilikuwa ndogo. Kilichomponza ni kuificha. Futa rekodi hiyo, iandike panapostahili, na Jumamosi ijayo wabebee wenzako maji ya kunywa. Mota inaweza.

*Shangazi, nilimpeleka mchumba wangu Hell's Gate. Nikaweka mota kwenye Turbo, nguvu yake ya juu kabisa, kutoka getini hadi korongoni ili aone mambo. Wakati wa kurudi betri ikazima. Nikasukuma kilo ishirini na kitu kwenye vumbi, pundamilia wakinitazama, na mchumba akanipita kwa baiskeli ya kukodi yenye gia moja tu inayofanya kazi. Sasa hapokei simu.*
*Aliyezimika, Naivasha*

Pole. Lakini hebu tutazame pale ulipozimikia. Ndani ya hifadhi ile kuna Olkaria, ambako Kenya inachota mvuke ardhini na kuufanya umeme. Mtambo wa kwanza uliwashwa 1981, miaka 3 kabla ya Hell's Gate kutangazwa hifadhi. Mabomba yale makubwa uliyoyaona yakipita vichakani yana mvuke unaolisha nchi nzima. Kuishiwa umeme pale ni kama kufa kiu huku umekalia tangi la maji.

Tufanye hesabu, maana mapenzi bila hesabu ndiyo yaliyokufikisha hapo. Chukua betri ya kawaida ya wati-saa 500. Ukiiacha mota inywe wati 500 kwa Turbo, saa moja imekwisha. Ukiiweka Eco, ile ya kubania, ikanywa 100, unakaa nayo saa tano. Halafu njia ile kwa sehemu kubwa inateremka kuelekea korongoni, na kurudi ndiko kuna mpando. Wewe ulichoma Turbo mahali ambapo mteremko ulikuwa unakupeleka bure. Kwenda nenda na Eco, au zima kabisa. Ikifika nusu nawe hujageuza, geuza.

Na kuna jambo limenishangaza zaidi: kwa nini ulisukuma? Betri ikiisha, baiskeli haigeuki mkokoteni. Pedali zipo, gia nyepesi zipo. Ni nzito, sawa, lakini inakanyagika. Yule binti hakukasirishwa na betri, alikasirishwa na kukuona umeshuka. Mpigie tena, na habari za betri usiziguse.

*Shangazi, mume wangu anachaji betri ya baiskeli chumbani, chini ya kitanda, usiku kucha. Chaja ya mwanzo iliungua, akanunua nyingine mtaani inayoingia "vizuri tu." Na umeme wa LUKU unaisha kila siku. Nimwambieje?*
*Mke Mwenza wa Baiskeli, Arusha*

Mama, kwenye LUKU mume wako hana hatia. Betri kubwa ya wati-saa 750 ukiijaza kutoka sifuri, hata ukihesabu na kinachopotelea kwenye chaja, inakula karibu uniti moja tu. Chunguza pasi, heta ya maji, na yule kijana anayekuja kuangalia mpira na kuacha friji wazi.

Kwenye kitanda, hapo ana hatia kamili. Betri za lithiamu zikiharibika huwaka kwa kasi, hutoa moshi wa sumu, na moto wake hauzimiki kirahisi. Chaja inayoingia vizuri si lazima itoe umeme unaotakiwa. Atafute chaja ya mtengenezaji wa betri hiyo, achajie sakafuni penye saruji, mbali na godoro, mapazia na mlango mnaoutegemea kutokea, na achaji mkiwa macho. Na kama amewahi kuanguka nayo kwenye mawe ya Meru akainuka akisema "haina shida," ipelekwe kwa fundi anayejua betri kabla haijagusa soketi tena. Akikataa, akalale nayo stoo. Wewe kitanda umekipata kwa ndoa.

*Mnyororo wangu unakatika kila nikipanda kilima. Fundi anasema ni bahati mbaya. Kweli?*
*Karen*

Mimi ndiye Mnyororo, kwa hiyo hili naliona kama tusi la kifamilia. Unabadilisha gia katikati ya mpando huku umekanyaga kwa nguvu zote na mota nayo inasukuma. Badilisha kabla mpando haujaanza, na legeza mguu sekunde moja wakati gia inahama. Bahati haihusiki.

*Shangazi, mpwa wangu yuko Hamburg, anakuja Desemba na baiskeli yake ya umeme. Anasema betri ataificha kwenye begi kati ya nguo.*
*Mjomba, Tanga*

Mwambie asijaribu. Kwenye ndege ya abiria betri ya lithiamu ikizidi wati-saa 160 haipandi, iwe begi la mkononi au la chini. Yake huenda inapita hapo mara tatu au zaidi. Alete fremu, atafute betri ya kukodi huku. Au alete viatu vya kutembelea.

*Shikamoo. Mimi ni mama wa hapa Lushoto. Njia ya kwenda shambani inapita ukingoni, upana wake ni mtu mmoja na mzigo wake. Sasa wanapita watalii na vijana wa mjini na baiskeli hizi. Pikipiki naisikia toka mbali. Hizi hazina sauti. Wiki iliyopita nilizitupa kuni zote bondeni kwa kushtuka, na yule kijana akasema "sorry" akiwa ameshafika mtoni. Nifanyeje?*
*Mama Kuni*

Mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo.

Wewe usifanye lolote. Barua hii nawajibia wao. Vijana, kengele inauzwa kwa kila fundi baiskeli, na tayari mnalipia mota ya mamilioni. Ukiona mtu mbele, punguza ukiwa mbali, piga kengele, subiri ageuke. Mwenye mzigo kichwani hapishi. Wewe ndiye unayeshuka na kusimama upande wa bonde, siyo upande wa ukuta. Breki zenu zinabeba uzito mkubwa kuliko baiskeli ya kawaida, kwa hiyo mnahitaji nafasi ndefu ya kusimama, na anayebana breki ya nyuma mpaka gurudumu linaburuta anachimba mfereji ambao mvua ya Aprili itaumalizia. Njia ile haikuchongwa kwa ajili ya michezo. Ilichongwa kwa nyayo za watu waendao shambani, na inatengenezwa kwa majembe yao.

Na yule wa "sorry": kuni bado ziko bondeni. Mota yako ina nguvu za kuzipandisha.