Motokaa ya Watu Wawili

Mtu akistaafu baada ya umri mzima wa kusahihisha madaftari ya watoto wa watu, na kiinua mgongo chake kikatangulia kumfikia kabla ya mauti, akraba zake wote hutambua papo hapo, pasipo kuulizwa, jinsi fedha ile inavyostahili kutumiwa: kaka hutaja kisima cha shamba la Kilifi, dada hutaja Hija, na mashemeji, ambao katika siku za dhiki huadimika, huja na michoro ya nyumba za kupangisha. Hapana hata mmoja ambaye angemnasihi mzee wa makamo yangu anunue motokaa ndogo ya viti viwili, isiyo na nafasi ya mjukuu wala ya gunia la mchele, na ambayo paa lake ni kitambaa. Mimi sikunasihiwa na mtu. Niliitamani mwenyewe, nikaitilia nia mwenyewe, na tashwishi iliyobaki ilikuwa moja tu: niinunue mpya, au niinunue iliyokwisha kutumiwa?

Asili ya maradhi haya ni gazeti moja la picha lililokuwa katika chumba cha walimu, ambalo hapana aliyejua limeletwa na nani, na ndani yake mlikuwa na habari za Mazda MX-5, motokaa ambayo Wajapani wa Hiroshima waliwaonyesha walimwengu kwa mara ya kwanza huko Chicago, Februari 1989. Fikira yake ilianza katika miaka ya 1970, pale mwandishi wa magazeti wa Kimarekani, Bob Hall, alipomwambia mhandisi Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba watu wanazitamani bado zile motokaa ndogo za Kiingereza zilizo wazi juu, zenye kumtia mtu upepo kifuani na kumrejeshea ujana wake kwa muda wa safari. Waingereza walikuwa wamekwisha kuwafundisha walimwengu kuzipenda motokaa hizo, na kwa hisani hiyo hiyo wakawafundisha na kuzisukuma, maana aghalabu hazikuwaka asubuhi ya baridi wala hazikustahamili mvua. Na kiwanda cha MG pale Abingdon kilipofungwa mwaka 1980, yalibaki mapenzi pasipo mpendwa. Wajapani wakayapokea mapenzi yale, wakaliondoa lile la kusukuma, na kufikia mwaka 2016 walikuwa wamekwisha kutengeneza motokaa 1,000,000 za jina hilo, idadi ambayo haijapata kufikiwa na motokaa nyingine yoyote ya watu wawili iliyo wazi juu.

Siri yake ni wepesi. Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, aliishi akiitakidi kwamba anayetaka mbio asianze kwa kuongeza nguvu, bali aanze kwa kupunguza uzito. Na wahandisi wa Hiroshima, ambao si wafuasi wa Lotus lakini waliisoma vizuri kazi yake, waliitoa MX-5 ya kwanza ikiwa na uzito usiofika kilo 1,000, ina injini ya lita 1.6 tu, na mzigo wake umegawanywa takriban sawasawa baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hata usukani ukitikiswa kidogo motokaa nzima hujua. Naikariri itikadi hii ya Chapman kwa kuwa, kama itakavyodhihiri, kuna motokaa moja mjini Mombasa iliyoifuata kwa uchaji kuliko alivyoweza kukusudia Chapman mwenyewe.

Nilianza na mpya, kwa kuwa kila mtu mwenye fedha mkononi hujiona kwanza kuwa ni mtu wa vitu vipya. Nikapanda treni hadi Nairobi, nikaingia katika duka la wakala mmoja ambapo hewa ilikuwa baridi na sakafu iking'aa, na kijana mwenye tai akanikaribisha kwa taadhima kubwa, akanipa kahawa, akanionyesha motokaa yangu. Ilikuwa picha. Motokaa yenyewe, alisema, ingeagizwa ng'ambo baada ya mimi kutoa sehemu ya thamani yake, nami nikaitazama ile picha mbele na nyuma, nikaiuliza rangi, nikaombwa niwe na subira. Kisha ikaletwa hesabu. Ushuru wa forodha hukadiriwa kwanza. Juu ya thamani na ushuru huo ukakadiriwa ushuru wa bidhaa. Na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, ikaja mwisho na kupanda mabegani mwa wote waliotangulia. Sina ugomvi na serikali, kwa kuwa mshahara wangu wa miaka yote ulitoka katika mfuko huo huo, lakini sikuweza kujizuia kustaajabu jinsi motokaa ambayo mabingwa walikesha wakiipunguza uzito gramu baada ya gramu ilivyobebeshwa, kabla haijakanyaga nchi kavu, mzigo ambao lori lingeuonea haya. Nikamaliza kahawa, ambayo ndiyo iliyokuwa bure, nikarudi pwani.

Mke wangu aliponiuliza habari za Nairobi nilimwambia kuna baridi.

Njia ya pili ilikuwa kuagiza Japani iliyotumiwa, jambo ambalo watu wa Mombasa wanalijua kuliko wengine wote wa nchi hii, kwa maana motokaa hizo hushukia bandarini kwetu, na usukani wa Kijapani uko kulia kama wetu, kwa hiyo hapana linalohitaji kugeuzwa ila kaseti ya redio inayosema Kijapani. Lakini sheria ya Kenya haikubali motokaa iliyozidi umri wa miaka 8 iingizwe nchini, na hivyo ile ya gazetini, ya mwaka 1989, yenye macho yaliyofichwa chini ya boneti na kuinuka kila taa zinapowashwa, ilikuwa haramu kwangu; zilizobaki halali zilikuwa za kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2015, nzuri bila shaka, nyepesi bila shaka, lakini zenye macho yaliyo wazi usiku na mchana, kwa kuwa yale ya kuinuka yaliachwa tangu kizazi cha pili. Dalali mmoja wa magari, mtu wa maneno matamu, aliniletea karatasi za mnada wa Japani, ambazo kila moja ina mchoro wa motokaa iliyolazwa kama samaki aliyepasuliwa, na juu yake zimeandikwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipogongwa pakanyooshwa, S ni kutu, na motokaa iliyopata ajali kubwa ikatengenezwa hupewa R badala ya daraja.

Elimu hii iliniharibia maisha yangu ya jamii. Nilipohudhuria harusi ya mpwa wangu wiki ile, nilimtazama ami yangu, ambaye kwa heshima zake zote alianguka mnazini ujanani akaungwa mguu, nikaona W pasi na shaka. Shangazi zangu walipopita na vipodozi vyao niliona W nyingi zilizopakwa rangi kwa ustadi. Na bwana harusi, ambaye hii ni ndoa yake ya tatu, alistahili R lakini mshenga alikuwa amemwandikia daraja la nne na nusu. Mke wangu aliniuliza mbona nawatazama watu kwa kuinama kuanzia magotini. Nikamjibu kuwa kiuno kinaniuma.

Ni katika hali hiyo ya kuzidiwa na elimu ndipo nilipopata habari kwamba kuna MX-5 ya kwanza kabisa, nyekundu, iliyoingia nchini zamani, tena yenye namba ya hapa hapa, na kwa hiyo haihusiki na sheria ya umri. Ilikuwa Nyali, chini ya mwarobaini, mali ya Mzungu mmoja aliyekwisha kurudi kwao, na aliyekuwa akiiuza ni dalali yule yule. Nilimchukua fundi wangu, mtu mwaminifu aliyelelewa na malori, tukaenda. Akaizunguka, akakohoa, akafungua boneti na kutazama kwa muda mrefu sana.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "betri imeibwa."

Dalali akaapa kwamba haikuibwa. Fundi akaapa kwamba pale mbele hapana betri, na kwamba motokaa isiyo na betri hata mtoto wa chekechea hainunui. Walibishana kwa ithibati nyingi za pande zote mbili, hata watu wa nyumba ya pili wakatoka kusikiliza, mpaka mimi, niliyelisoma gazeti lile hadi kurasa zake zikaachana, nikafungua buti nyuma na kuwaonyesha betri ikiwa imekaa pembeni kwa utulivu, kwa kuwa waliounda motokaa hii waliiweka huko kwa ajili ya kusawazisha uzito. Fundi hakufurahi. Kwa kulipiza, akapiga magoti, akachukua bisibisi, akaugusa ukingo wa chini ya mlango, nayo bisibisi ikaingia mpaka mpini. Upepo wa bahari ulikuwa umekula chuma chote cha pale. Hapo nikakumbuka itikadi ya Chapman, nikaona kwamba motokaa hii ilikuwa imeendelea kujipunguza uzito yenyewe, mwaka baada ya mwaka, bila mhandisi wala gharama: imepunguza bati la chini, imepunguza redio, imepunguza kioo cha paa, ambacho kwa motokaa hizi ni plastiki na kwa jua la Nyali kilikuwa kimekwisha kuwa njano na kupasuka. Ile ya Nairobi ingewezaje kushindana na wepesi wa namna hiyo?

Dalali aliniruhusu niijaribu kwa usiku mmoja. Nilishuka kuelekea mjini wakati wa Magharibi, paa wazi, na kwa mwendo wa robo saa nilikuwa Sultani. Kisha nikagundua kimo changu. Motokaa ile haizidi mita 1.23 kutoka chini hadi paani, na tumbo lake liko karibu na ardhi kiasi kwamba matuta ya barabarani ilinilazimu kuyavuka kwa mshazari, kwa adabu, mfano wa mtu anayepita mbele ya wazee, kila tuktuk ilinitazama kutoka juu, na kijana mmoja wa bodaboda akainama mpaka usawa wa sikio langu, akasema kwa heshima ya kweli, "Shikamoo mzee huko chini."

Giza lilipoingia niliwasha taa. Jicho la kulia likainuka. La kushoto likakataa. Nikazima, nikawasha, la kulia likafunga, likafungua. Nilikuwa nimefika Mji wa Kale, kwenye njia nyembamba ambamo barazani wameketi wanaume na madirishani wanawake, na kila nilipojaribu kuliamsha jicho la kushoto, lile la kulia liliwakonyeza watu wa mtaa mzima. Lilimkonyeza muuza kahawa. Liliwakonyeza, Mungu anisitiri, wake wa watu watatu waliokuwa wakitoka msibani. Likafika mbele ya msikiti na kumkonyeza imamu, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu na ambaye kwa busara alitazama pembeni. Viko vifundo vidogo chini ya boneti, kwenye mota ya kila taa, ambavyo mtu akivizungusha kwa mkono hulipandisha jicho, nililijua hilo kutoka gazetini, nikashuka, nikainama, nikazungusha, na bibi mmoja juu ya ghorofa akauliza kwa sauti iliyosikika hadi bandarini, "Mwalimu, unalikanda jicho gari?"

Usiku ule ikanyesha. Nyuma ya viti vya motokaa hizi kuna matundu ya kupitishia maji ya paani, nayo yakizibwa na majani, maji hayaendi nje bali huingia ndani. Na majani ya mwarobaini, ambayo ni dawa ya magonjwa mengi, si dawa ya ugonjwa huo. Asubuhi mazulia yalikuwa yakielea.

Mke wangu alikuja akasimama kando yangu, akaitazama motokaa, akanitazama na mimi, na nilijiandaa kwa nasaha ya kisima cha Kilifi. "Ile mpya," akasema, "ukiinunua utaifunika turubai, na sisi sote tutakatazwa kuigusa. Hii hata ukiigonga hatutajua. Ila huyo fundi wako alitibu jicho kwanza, maana mimi siketi katika gari linalokonyeza waume za watu." Alikwenda mwenyewe kwa dalali, akamtajia ule ukingo uliotobolewa, ile plastiki, yale mazulia, kila kimoja kwa bei yake, na dalali, aliyezoea kubishana na wanaume, akashusha mpaka akaomba maji ya kunywa.

Fundi amelitibu jicho, akatia bati jipya penye kutu, na sasa analitambua buti kuwa ndiko kwenye betri, ingawa kila akija hufungua boneti kwanza. Kiti cha pili kimewekewa zamu: dada yangu mkubwa yuko nacho Jumamosi kwa kwenda soko la Kongowea, mjukuu Jumatano, na jirani yetu anayejenga ameuliza kama kinaweza kubeba saruji. Nimemjibu kuwa mfuko mmoja, ukifungwa mkanda.