Shangazi wa Mpakani: Saa ya Kongo, Baluku Asiye Wako na Mume wa Uholanzi

Wiki hii barua ni nyingi, na karibu zote zinamshtaki mtu mmoja asiyeweza kujitetea: simu. Shangazi amezisoma zote, hata zile zilizoandikwa kwa hasira bila nukta. Haya, tegeni masikio.

*Shangazi, wakwe zangu watarajiwa wa Bwera waliniita saa nne asubuhi. Nilitoka Mpondwe mapema, nikafika simu ikionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Nikakuta wazee wanaagana. Sasa wananiita mvivu. Nifanyeje? (Mkwe Mtarajiwa)*

Pole, mwanangu. Simu yako ilivuka mpaka bila kukuaga. Karibu na mto Lhubiriha, mnara wa simu wa Kasindi, ng'ambo, unaweza kukufikia kwa nguvu kuliko wa kwetu Uganda, na simu inayojipangia saa huamini imo Kongo. Kivu Kaskazini wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo uliingia saa tano kasoro dakika kumi ukijiona umewahi. Fungua mipangilio, zima saa ya kujirekebisha, na uchague mtandao mwenyewe, usije ukampigia jirani kwa bei ya nje ya nchi. Kisha nenda kwa baba mkwe kwa miguu yako, ukamwombe radhi kwa mdomo wako. Mzee aliyekungoja karibu saa nzima hatulizwi na emoji.

*Shangazi, nilimtumia Baluku shilingi 150,000 za karo, zikaenda kwa Baluku mwingine. Jina lilitokea, nikasoma "Baluku", nikabonyeza. Sasa hapokei simu. (Nimelia, Kasese Mjini)*

Ulitaka litokee jina gani? Huku kwetu mtoto huzaliwa jina likimsubiri: kifungua mimba wa kiume ni Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na binti wa kwanza Masika. Ita "Baluku!" sokoni Bwera uone shingo zitakazogeuka. Wape akina Baluku wako anwani ndani ya simu: Baluku Kahawa, Baluku Kilembe, Baluku Anayenidai. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la pili, soma tarakimu za mwisho, kisha mpigie mwenyewe. Kwa hili lililokwisha tokea, piga huduma kwa wateja sasa hivi, kabla hajazitoa. Akishazitoa, utabaki na polisi na sala. Serikali haitakusaidia kumtambua: tangu 2018 anayetoa pesa za simu hukatwa kodi ya nusu asilimia, awe Baluku wa haki au Baluku wa bahati.

*Shangazi, mume wangu aliniapia kwamba hana Facebook kwa sababu ilifungwa. Juzi nimeshika simu yake, inasema iko Uholanzi. Je, ana mke huko? (Mwenye Wivu, Hima)*

Dada, punguza moto. Hiyo ni VPN, programu inayoipitisha intaneti yake kwenye mashine ya ughaibuni, ili aonekane Mholanzi huku amekaa Hima akipuliza chai. Safari hizi zilishamiri Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayefungua WhatsApp, Facebook au Twitter. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data. Lakini Januari mwaka huohuo, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilikuwa imefungwa, na wananchi wakahamia Ulaya bila viza. Viongozi wetu wakiwemo, usidhani. Kwa hiyo Uholanzi msamehe. Kiapo ndicho cha kumuuliza, na umuulize mezani mkiwa wawili. Ukimuuliza kwenye status, Hima nzima itakujibu kabla yake.

*Shangazi, mimi napenda kusaidia jamii. Kila onyo linalonifikia nalisambaza: mafuriko, Ebola, dawa ya vitunguu. Sasa ukoo umenitoa kwenye kundi. Wema wangu umekosa nini? (Mama Sambaza, Kisinga)*

Umekosa shahidi, mama. Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo alipothibitishwa kuwa na Ebola na kulazwa Bwera, watu walihitaji kujua dalili, mahali pa kukimbilia, na kwamba maiti haioshwi wala haiguswi. Aliyetuma kitunguu siku ile alikuwa anamchelewesha mgonjwa kufika hospitali. Sasa mfikirie mtu wa Kilembe anayeuona mto Nyamwamba ukipanda, kama ulivyopanda Mei 2020. Huyo apige simu mjini Kasese, ambako mto unaelekea, bila kungoja ruhusa ya mtu: ameona kwa macho, anajua ni wapi, anajua ni saa ngapi. Wewe wa Kisinga umeona nini? WhatsApp wenyewe walichoka, wakaamua Aprili 2020 kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi upelekwe kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Kabla ya kubonyeza, andika jina la aliyeona, mahali na saa. Ukikosa hata kimoja, futa. Ukoo utakurudisha.

Ya haraka haraka

*Naweza kuposa kwa WhatsApp? (Mwenye Pupa, Kilembe)*

Salamu unaweza kutuma. Mbuzi itabidi uwaswage.

*Mpwa wangu alirusha mazishi ya bibi mubashara TikTok, akaomba zawadi. (Nimeaibika, Katwe)*

Mnyang'anye simu, mpe jembe. Kaburini wachimbaji hawajawahi kuzidi.

Wasomaji wangu, wiki ijayo andikeni kwa ufupi. Sauti ya dakika tisa haitasikilizwa, na barua iliyoandikwa "nimetumiwa hivi hivi" itarudi ilikotoka. Jina la kubuni linaruhusiwa. Habari ya kubuni hairuhusiwi.