Mshale Umetulia

Mdosi wa Kitale hachezi na vipimo. Mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5, anajua bodi ya nafaka, NCPB, itamrudishia, kwa hiyo anayaanika na kuyapima tena.

Ila akitoka Bungoma na mifuko 40 ya simiti, tani 2 kamili, juu ya pikapu ya otomatiki ya tani 1, akipandisha kuelekea Kamukuywa, anatazama mshale wa maji ya injini tu. Umetulia, basi gari ni zima! Oili ya gia haina mshale kwenye dashibodi yake. Inapita nyuzi 120, inaungua bila kelele.

Fundi anachomoa kijiti: oili iliyokuwa nyekundu imekuwa strungi, na inanuka moshi.

“Lakini joto lilikuwa sawa!”

“Joto la nani, mzee?”